Kanda ya Mjomba Ilikatwa Mwanzoni

Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini kwenye MV Umoja, ile meli iliyokuwa ikibeba mabehewa ya treni kutoka Mwanza hadi Kisumu na Port Bell ya Uganda. Akirudi safari alinukia dizeli na sabuni ya Kenya. Begi lake sisi watoto tulilijua kuliko yeye mwenyewe: upande mmoja sabuni na mafuta ya kupikia, upande mwingine nguo chafu, na katikati, zimeviringishwa ndani ya fulana zisivunjike, kanda za redio.

Aliyezaliwa juzi ataona kanda ni kitu cha makumbusho. Kwetu Kirumba mwaka 1988 ndiyo ilikuwa dirisha. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo, tuliisubiri mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini picha za Zanzibar hazikufika ziwani. Redio Tanzania ilitupa dansi la nyumbani, kwaya, taarabu na salamu za wagonjwa. Mambo ya kina Michael Jackson ulipaswa uyasubiri gatini. Na ziwa lenyewe lilikuwa halijafunguka siku nyingi: mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Ndiyo maana albamu ya Thriller, iliyotoka Novemba 1982 na kuitikisa dunia mwaka mzima uliofuata, kwetu ilifika imeshapoa. Tukaila hivyohivyo, kiporo, na utamu wake wote.

Jioni ninayotaka kuisimulia umeme ulikuwa umekatika. Mjomba alichukua betri zilizoshinda juani juu ya bati (tuliamini jua linazirudishia nguvu, na kwa saa moja hivi lilikuwa linazirudishia kweli), akazipachika kwenye redio kaseti, akabonyeza. Kanda haikuwa ya dukani. Ilirekodiwa kwenye kibanda huko Kisumu, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu: MAIKO BAD. Nyimbo kadhaa zikapita, sisi tunarukaruka uwani, mama na dada zangu wanachambua dagaa kwenye ungo. Halafu muziki ukatulia, ukawa mwororo, na sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kama mtu aliyekuinamia sikioni:

"Nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi we."

Mama aliacha dagaa. "Hebu rudisha hapo."

Mjomba akarudisha. Ikasema tena. Majirani wawili wakaja kusimama kwenye uwazi wa ua, mmoja na sufuria mkononi. Akarudisha tena. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyecheka. Lugha tuliyogombania chumvi nayo asubuhi ile ilikuwa inatoka ndani ya kanda ya Michael Jackson, yule aliyetembea kinyumenyume jukwaani, yule ambaye tulidhani hajui kama tupo. Mara ya tano au ya sita betri zikaanza kulegea, sauti ya yule mwanamke ikawa ya mzee wa kiume, tukalazimika kuacha.

Ndipo mjomba akatoa hukumu iliyomsumbua miaka yote iliyofuata. "Mmesikia anavyosema? Nakupenda *pia*. Pia! Mtu hasemi pia kabla hajaambiwa. Maana yake Maiko ndiye kaanza, kamwambia nakupenda, kamwambia nakutaka, kwa Kiswahili, ndipo huyu dada akamjibu. Sasa maneno ya Maiko yako wapi? Yule kijana wa Kisumu kanikatia mwanzo."

Hakuna aliyembishia. Ningembishia vipi? Mpaka leo nikiisikia "pia" ile najiuliza swali lilelile. Sentensi inaanza na jibu.

Safari iliyofuata mjomba alikwenda kibandani kudai sehemu yake. Kijana akamwapia kwamba hajakata kitu. Akanunua kanda nyingine Port Bell, nayo inaanza palepale. Akamwagiza rafiki yake wa Bukoba. Hivyohivyo. Akahitimisha kwamba wezi wa kanda wa ziwa zima wanachota kwenye kisima kimoja, na aliyekata wa kwanza ndiye aliyewaharibia wote.

Shuleni nako kulikuwa na mgogoro. Wimbo unaitwa Liberian Girl, unamhusu msichana wa Liberia, kwa hiyo darasa letu la tano likakubaliana kwamba Liberia wanaongea Kiswahili. Mwalimu wa jiografia alituonyesha kwenye ramani. Liberia iko kule, upande wa pili wa bara, inatazama Atlantiki. Lugha ya serikali Kiingereza, na wana lugha zao nyingine, Kiswahili hakimo. "Basi Maiko kakosea?" mmoja wetu akauliza. Mwalimu akafikiri kidogo. "Maiko hakosei," akasema, akafuta ubao.

Februari 1992 Michael Jackson alikuja Tanzania kwa miguu yake, akaonana na Rais Ali Hassan Mwinyi Dar es Salaam. Mimi nilikuwa sekondari. Sitasahau jinsi nilivyoganda kwenye redio nikingojea kitu kimoja tu: aseme. Neno moja, nakupenda, ili mjomba wangu apumzike. Habari zikasomwa, akaondoka zake.

Mwenye sauti ile nilikuja kumjua nikiwa mtu mzima. Anaitwa Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Soweto. Aliyepanga sehemu ile ya Kiswahili ni mumewe, Caiphus Semenya, naye wa Afrika Kusini. Mtayarishaji ni Quincy Jones, ambaye alishafanya nao kazi kwenye muziki wa Roots, tamthilia ya televisheni ya mwaka 1977. Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii: Mmarekani anamwimbia Mliberia, anajibiwa kwa Kiswahili, na wenye Kiswahili hicho ni watu wa Afrika Kusini.

Quincy Jones huyohuyo alikuwepo kwenye usiku mwingine ambao naupenda kuliko masimulizi yote ya muziki wa pop, na kila nikiusimulia kijiweni nasikilizwa mpaka mwisho. Tarehe 28 Januari 1985, studio za A&M, Hollywood. Zaidi ya waimbaji arobaini wakubwa wa Marekani wamekusanyika kurekodi We Are the World, wimbo wa kuchangia njaa ya Ethiopia, uliotungwa na Michael Jackson na Lionel Richie. Mlangoni Quincy amebandika karatasi inayowaambia mastaa waache majivuno yao nje. Kazi inakwenda, usiku unazama, ndipo Stevie Wonder anatoa wazo: tuweke mstari mmoja wa Kiswahili. Mabishano yakaanza. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri kutoka Texas, akaona hayo hayamhusu, akatoka. Mwishowe Bob Geldof, yule wa Ireland aliyetoka kuiona njaa yenyewe, akawaambia jambo dogo: Waethiopia hawaongei Kiswahili.

Nikifika hapo watu hucheka sana. Mimi nacheka, kisha nanuna kidogo. Fikiria mashariki ya Afrika nzima, kuanzia Asmara mpaka Sumbawanga, na katika chumba kilichojaa watu waliouza rekodi kwa mamilioni, lugha ni moja tu iliyowajia kichwani. Ni sifa, ukitaka iwe sifa. Ila ilikuwa sifa ya kachumbari: inawekwa pembeni ya sahani ili chakula kipendeze, hakuna anayeuliza kama inaendana na kilichopikwa. Lionel Richie mwenyewe miaka miwili nyuma alishatia "jambo" kwenye All Night Long, katikati ya maneno mengine ambayo hayana kabila. Alikiri baadaye kwamba yale maneno hayana maana. Agosti 1984 akauimba wimbo huo kwenye kufunga Olimpiki ya Los Angeles, dunia nzima inatazama, na "jambo" letu limo humo limebanwa kama abiria wa mwisho kwenye daladala ya Igoma.

Wapo waliokichukua Kiswahili kwa heshima zaidi, na hao watu hawawataji sana kwa sababu muziki wao haukuwa wa kuchezeka. Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi aliyekuwa ameanza kuingiza vinanda vya umeme, mwaka 1971 alitoa albamu inayoitwa Mwandishi. Mwandishi ndilo jina alilolichukua, na kila mmoja katika bendi yake alichukua la kwake. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga. Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Bennie Maupin, Mwile. Billy Hart wa ngoma, Jabali. Buster Williams wa besi, Mchezaji.

Nilipoyasoma majina haya mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Bendi moja ina pepo na ina mganga! Kwetu huku hao wawili hawakai meza moja, mmoja huitwa ili amtoe mwingine. Lakini nikaja kugundua kwamba Eddie Henderson alikuwa daktari kweli, amesomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard, akawa anatibu watu na kupiga tarumbeta. Basi aliyemchagulia jina hakubahatisha. Jabali nalo limekaa. Sisi tuna Marijani Rajab, Jabali la Muziki, na tunaishi kwenye jiji ambalo majabali yamepangana mpaka ndani ya ziwa. Mtu akiitwa Jabali Mwanza haulizwi kwa nini.

Mchezaji ndilo lililonifanya nitabasamu kwa namna nyingine. Sisi gitaa hatulichezi, tunalipiga. Ngoma tunapiga, zeze tunapiga, hata simu tunapiga. Anayecheza ni yule aliye mbele ya gitaa, anayetoka jasho. Ukisema "mchezaji" karibu na uwanja wa Nyamagana watu watakuuliza anacheza namba ngapi. Kwa hiyo Buster Williams, bingwa wa besi, kwa Kiswahili chetu alikuwa winga. Hilo silisemi kwa kumdhihaki. Walikuwa Wamarekani weusi waliokuwa wanatafuta majina ambayo hayakutoka kwa waliowamiliki mababu zao, na katika lugha zote za Afrika wakaiona hii. Mimi nimezaliwa nayo bure, sikuitafuta.

Sasa nije kwenye ule wimbo wa bendi ya Toto. Huwezi kuzungumzia haya ukiwa Mwanza ukauruka, kwa sababu unatuhusu kwa kilomita.

Wimbo unaitwa Africa, ulitoka 1982, na Februari 1983 ulikuwa wa kwanza kwenye chati ya Marekani. Waliouandika ni David Paich na Jeff Porcaro, vijana wa Los Angeles, na Paich alikuwa hajawahi kukanyaga bara lenyewe. Habari za Afrika alizipata kwenye majarida na kwa walimu wake waliowahi kuwa wamisionari. Mle ndani anasema Kilimanjaro inainuka juu ya Serengeti kama Olympus, mlima wa miungu ya Wagiriki.

Mtu wa Mwanza akisikia hivyo anafunga breki. Serengeti tunaijua inaanzia wapi. Panda basi la Musoma pale Nyegezi au Buzuruga, pita Kisesa, pita Magu, uache ziwa mkono wa kushoto, baada ya saa mbili hivi uko Lamadi, na geti la Ndabaka liko palepale barabarani. Hifadhi inanyoosha mkono wake wa magharibi, ikifuata mto Grumeti, mpaka inakaribia Ghuba ya Speke. Mimi nimewaona nyumbu dirishani mwa basi huku konda anadai nauli. Ukisimama hapo Ndabaka ukatazama mashariki, kabla ya Kilimanjaro kuna Serengeti yote, halafu milima ya Ngorongoro, halafu Bonde la Ufa, halafu Mlima Meru. Kilimanjaro ukiiona kutoka hapo, mshike jirani mkono akupeleke hospitali ya Bugando.

Kwa miaka mingi wimbo huu uliniudhi kwa sababu hiyo tu. Kisha mwaka mmoja nilikuwa kwenye Noah ya kwenda Bunda, dereva kijana wa miaka ishirini na kitu, na mvua kubwa ikatupata katikati ya Magu na Lamadi. Ile mvua ya ziwani inayokuja imesimama wima kama ukuta. Dereva akapunguza mwendo, akaweka muziki kwenye simu, na wimbo ukawa ule. Alikuwa anaujua kiitikio kwa mdomo tu, si kwa maneno. Akafika kwenye mvua, akaongeza sauti, akaionyesha mvua kwa kidole kioo cha mbele, kana kwamba Toto wamempigia simu kumwambia inakuja. Abiria tukacheka. Nikamwambia habari ya Kilimanjaro na Serengeti, nikamwekea Ngorongoro katikati na kila kitu. Akanisikiliza vizuri. "Lakini mzee," akasema, "mvua si wamepatia?"

Mvua walipatia. Sina la kuongeza.

Nina rafiki zangu wanaosema kama ni kujivunia, tujivunie Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, tuachane na kachumbari. Wana hoja. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea familia ikaondoka mwaka huohuo kwenda kuanza upya Feltham, pembeni mwa London. Huwa naipenda hesabu hii ya mwaka 1964: Mapinduzi ni tarehe 12 Januari, tarehe 9 Februari Wamarekani milioni 73 wamekaa mbele ya televisheni kuwatazama Beatles kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha Ed Sullivan. Vijana wanne wa Liverpool wanavuka bahari wapokewe na mayowe, na mwaka huohuo kijana mmoja wa Unguja, miaka kumi na saba, anavuka ya kwake bila mtu kumpigia makofi.

Miaka ishirini na moja baadaye, tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, fedha zilezile za Ethiopia. Queen walipanda jukwaani saa mbili na dakika 41 usiku kwa saa za kwetu. Mwanza kulikuwa giza, wavuvi wa dagaa wameshawasha karabai ziwani, na hakuna mtu Kirumba aliyejua kitu. Mimi nililiona tukio lile miaka ya tisini, kwenye kibanda cha video, kwa kiingilio cha kipande cha muwa: mwenye kibanda alikuwa binamu yangu. Watu 72,000, dakika ishirini na moja.

Kila anayeandika habari za siku ile huandika kwamba Queen waliwaiba watazamaji wa wengine wote. Kwa Msukuma hilo halihitaji maelezo. Kwenye mbina, mashindano ya ngoma ya kwetu, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku, na hakuna hakimu mwenye kalamu: watu wakihamia upande wako, umeshinda, wakikukimbia, funga ngoma zako. Ndiyo maana kuna wanaocheza na chatu shingoni, kuna wanaotafuta dawa ya mvuto kwa waganga wazito. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni, utaona mtu mzima anameza moto ili wewe usigeuze shingo. Freddie hakuwa na chatu. Alikuwa na kipande cha nguzo ya maikrofoni na singlendi nyeupe. Katikati ya onyesho akasimama peke yake, bendi kimya, akaanza kuwarushia watu sauti: eeee-oo. Wakamrudishia. Akaipandisha, wakaipandisha. Akaikunja, wakaikunja. Manju anaita, watu wanaitikia. Nilikaa kwenye benchi la kibanda kile nikahisi nimekaa Bujora.

Na hapo ndipo hoja ya rafiki zangu inaponitoka mkononi kidogo. Mtu wetu, mzaliwa wa Unguja, kasimama mbele ya dunia, na neno la Kiswahili halikumtoka hata moja. Kwenye Bohemian Rhapsody, ule wa 1975, imo "Bismillah", neno ambalo mtoto wa Mji Mkongwe hulisikia kabla ya kila tonge, nami hushikilia hiyo. Sizidishi. Michael, asiyetuhusu kwa lolote, alituwekea sentensi nzima.

Habari ya pesa nitaipita haraka, maana nikikaa nayo nitaharibikiwa jioni. Malaika aliurekodi Fadhili William Nairobi, Miriam Makeba akauzungusha dunia, 1965 akauweka kwenye albamu na Harry Belafonte, na mwaka 1981 Boney M wakaupitia. Nani hasa aliutunga, wazee wamegombana mpaka wengine wamekufa na ugomvi wao. Ni wimbo wa kijana asiye na mahari, na huku kwetu mahari ikihesabiwa kwa ng'ombe wimbo ule unauma mara mbili. Jambo Bwana ni wa Them Mushrooms wa Mombasa, 1982. Mwaka uliofuata Boney M wakawa nao pia. Hakuna matata, ambayo Mwanza hakuna anayeisema (tunasema hamna shida, vijana wanasema hamna noma), baada ya filamu ya The Lion King ya 1994 na nyimbo za Elton John na Tim Rice, Disney waliisajili Marekani kama alama yao ya biashara kwenye fulana. Fulana! Maneno mawili ya pwani, yamesajiliwa. Mama yangu aliuza sato miaka thelathini bila kusajili hata ndoo.

Tuzo nazo zimo. Februari 2011 Baba Yetu wa Christopher Tin ulichukua Grammy, wimbo wa kwanza kutoka kwenye mchezo wa kompyuta kufanya hivyo. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Kwaya za hapa huuimba harusini. Dada yangu, mwalimu wa kwaya, huusikiliza akiwa amekunja uso kwa sababu ya ile "mbinguni yetu". "Mbinguni kwetu," husema kwa sauti, kila mara, kana kwamba yule bwana atamsikia. Kisha anaimba sauti ya pili mpaka mwisho.

Na 2019 binti yangu akanisikilizisha Spirit wa Beyoncé, unaofunguliwa kwa "Uishi kwa muda mrefu mfalme". Nikamwangalia. "Hiki ni Kiswahili cha kamusi, baba," akasema kabla sijasema. Ndivyo kilivyo, mfalme kwetu huambiwa adumu, muda mrefu ni wa foleni ya hospitali. Lakini niliona pia kwamba binti yangu hakushtuka. Hakurudisha nyuma, hakuita majirani. Kwake Kiswahili kwenye simu yake na Beyoncé kwenye simu yake ni majirani wa kawaida. Sikujua kama nimfurahie au nimwonee huruma.

Mjomba bado yuko. Alistaafu, akajenga Igombe, nyumba inatazama ziwa na meli zikipita huwa anazitaja kabla hazijaonekana vizuri. Macho yamepungua, masikio mazima. Krismasi iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikamwambia, mjomba, ule wimbo nimeupata. Kamili. Si wa Kisumu, huu umetoka kwa wenyewe, haujaguswa na mtu. Nikamweleza habari za Letta Mbulu, na Soweto, na Quincy Jones. Akawa anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgeni amalize ili waendelee na jambo la maana.

Nikaweka simu mezani, nikabonyeza. Ala zikaanza. Akanyoosha mkono tunyamaze, na sote tukanyamaza, hata wajukuu.

"Nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi we."

Akasikiliza mpaka sauti ya Michael ilipoingia, kwa Kiingereza. Akaegemea kiti, akanitazama kwa masikitiko, kama vile mimi ndiye niliyeuziwa.

"Na hapa wamekata," akasema.